Mtu wa chukudu pale Goma

Kila mara tunapopita Goma na familia zinazorudi, gari yetu inazunguka ile sanamu ya chukudu: mwanaume wa rangi ya dhahabu, anasukuma kigari chake cha mbao.

Zamani sanamu za inchi yetu zilikuwa za wakubwa. Kule Kinshasa, Wabeleji walisimamisha Leopold II juu ya farasi mwaka 1928. Mobutu akamuondosha 1967. Mwaka 2005 akarudishwa katikati ya mji, lakini hakumaliza hata siku mbili, akashushwa tena. Huyu wa Goma alisimamishwa miaka michache baada ya moto wa Nyiragongo kupita mjini, Januari 2002, na hana jina. Ni mtu wa kazi tu.

Chukudu hutengenezwa kwa mkono, kwa mbao za mikalitusi, na magurudumu yake huvikwa mpira wa tairi za zamani. Inashuka toka Kibumba na viazi na makala. Kupanda ndiyo shida. Na wakati wa kukimbia vita, ilibeba magodoro, masufuria, hata wazee wetu.

Safari ya mwisho, mama mmoja alituomba tusimame pale. Tulifikiri anataka picha.

«Baba ya batoto alikuwa anafanya hii kazi,» akasema. «Tulipokimbia, chukudu yetu ilibakia mu njia.»

Kisha akauliza bei ya mpya. Katika orodha yetu ya vifaa vya kurudi mna mbegu, majembe na shitingi. Chukudu haimo. Tumeiongeza kwa kalamu, na tunangoja jibu la wafadhili.