Nafasi Isiyowekwa

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kompyuta nazo zilijifunza hivyo kwa taabu.

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mitambo ya System/360. Katika mfumo wake wa OS/360, mtu alitakiwa kutaja nafasi ya diski kabla ya kuandika faili jipya. Akikadiria kidogo mno, kazi ilikatika. Akikadiria kubwa mno, aliwanyima wenzake.

Mfumo wa Unix, ulioanzwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie mwaka 1969, uliondoa adha hiyo. Faili lilikua lenyewe. Liliweza hata kuonekana kubwa, kumbe ndani ni mapengo matupu. Lakini diski ikijaa, mwenye kazi aliambiwa akiwa katikati ya safari.

Basi desturi ya zamani ikarudi. Kanuni za POSIX za mwaka 2001 zilitaja ombi la kushika nafasi mapema, na Linux ikapata lake, fallocate, mwaka 2007. Nafasi ikikosekana, programu huambiwa kabla haijaandika neno.

Kutopanga ni raha, wasikilizaji. Lakini anayetunza hesabu za watu, na ashike nafasi kwanza.