Plagi sahihi kwa Datsun 240Z

PLAGI ni kifaa kidogo na cha bei nafuu, lakini ikichaguliwa vibaya huweza kuangamiza injini nzima. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa magari ya zamani ya michezo, ambayo vipuri vyake ni adimu.

Mfano mzuri ni Datsun 240Z, iliyotengenezwa Japani kati ya mwaka 1969 na 1973. Wapenzi wa mbio za magari Afrika Mashariki wanaikumbuka kwa ushindi wa Edgar Herrmann na Hans Schüller katika Safari Rally ya mwaka 1971, na wa Shekhar Mehta mwaka 1973.

Injini yake, L24, ina silinda sita, ujazo wa lita 2.4 na kabureta mbili. Kwa matumizi ya kawaida plagi inayofaa ni NGK yenye alama BP6ES, na kila alama hapo ina maana yake.

Herufi B huonyesha kipenyo cha nyuzi cha milimita 14. P ni ncha iliyojitokeza ndani zaidi ya chumba cha mwako. E ni urefu wa nyuzi wa milimita 19. Plagi fupi kuliko hiyo huacha masizi yakijaza nyuzi za silinda hedi, na iliyo ndefu mno huweza kugongwa na pistoni.

Tarakimu 6 ndiyo daraja la joto. Kwa plagi za NGK, namba ikiwa kubwa plagi hupoa haraka zaidi. Ncha ikishindwa kufikia nyuzijoto 450 hivi hushika masizi na gari hukosa moto. Ikizidi 800 huwasha mafuta kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Kwa hiyo namba 7 huwafaa wanaoendesha kwa kasi kubwa muda mrefu, wala si foleni za mjini.

Alama ikiwa BPR6ES, herufi R humaanisha kizuizi cha umeme kinachopunguza mikwaruzo ya redio. Hiyo pia inafaa, hasa kwa gari lililofungwa mfumo wa kielektroniki wa kuwasha moto.

Nafasi ya cheche kwa mfumo wa asili ni milimita 0.8 hadi 0.9, na hupimwa kabla ya kufunga. Kwa kuwa silinda hedi ni ya aluminiamu, plagi hufungwa injini ikiwa baridi, kwanza kwa mkono, kisha kwa spana hadi nyutoni-mita 25 hadi 30.

Baada ya safari, rangi ya ncha hutoa majibu. Kahawia au kijivu ni dalili njema. Nyeusi yenye masizi makavu huashiria petroli nyingi. Yenye oili, ringi au sili za valvu zilizochakaa. Nyeupe, joto kupita kiasi. Katika hali hizo mmiliki anashauriwa kurekebisha kwanza kabureta au injini yenyewe, kwani kubadili namba ya plagi huficha tu ugonjwa.