Matumaini ya Askofu Kataliko, Noeli ya 1999

Ukipita asubuhi karibu na mashimo ya zahabu ya Kamituga, unasikia michi ikigonga: ni wamama wanaotwanga mawe, wapate chembe ya kulisha watoto. Kompanyi SOMINKI ilivunjwa 1997, vita ikapita, tarehe 11 Septemba 2020 maji ya mvua yakaingia mashimoni, yakaua watu kama 50. Padri akihubiri matumaini mahali kama hapo, mtu ana haki ya kumwuliza: Baba, hayo yanatoka wapi?

Wengine wetu tunajibu: «Itapita tu.» Ndugu wasemineri, hilo si jibu la mkristu. Moyo mwepesi ni tabia ya kuzaliwa nayo. Matumaini ni fadhila: Mungu anaitoa, nasi tunaikubali kwa kusudi, mara nyingi kinyume cha yale macho yanayoona. Historia ya Bukavu inatuonyesha namna gani.

Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Mwaka uliofuata akaja Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu kule Butembo tangu 1966. Hakukuta raha. Tarehe 24 Agosti 1998, pale Kasika, katika teritwari ya Mwenga iliyo ya Kamituga pia, padri, masista na mwami waliuawa pamoja na raia wengi sana.

Juu ya hayo Kataliko aliandika waraka wake wa Noeli, tarehe 24 Desemba 1999. Alichukua mwanzo wa sura ya 40 ya Isaya, unaohusu faraja, na maneno ya Mtakatifu Paulo kwa Waroma, sura ya 5, juu ya matumaini. Je, alisema mambo ni mazuri? Hata kidogo. Alisema wazi kwamba mataifa ya kigeni yananyanganya mali ya nchi, na kwamba ndugu zetu Wakongomani wanawasaidia. Tena hakuficha makosa ya Eklezya yenyewe, hata ya wakubwa wake. Na hapo, nakiri, sisi mapadri tunapenda kusoma haraka. Aliweza kusema hivyo kwa sababu alitumaini. Mgonjwa asiyemwamini mganga anaficha kidonda, anayemwamini anakifunua. Na njia aliyoionyesha haikuwa ya silaha: kwa mateso na sala watu watapata uhuru, na hata wenye kuwaonea watarudishiwa uhuru wa moyo wao. Kumtakia mema anayekunyanganya, hilo halitoki katika tabia ya mtu.

Alilipa bei yake. Tarehe 12 Februari 2000 wakuu wa RCD walimzuia kurudi Bukavu, wakampeleka Butembo kwa nguvu. Huku nyuma wakristu walifunga maduka na masomo kwa kulalamika. Aliporudi tarehe 14 Septemba, umati mkubwa ulimpokea. Siku 20 baadaye, tarehe 4 Oktoba, alifariki karibu na Roma.