Thawabu na Jirani: Hoja Kutoka Kisangani

Waalimu wa dini ya Kikristo wamezoea kufundisha kwamba mtu hampendi Mungu asiyemwona ikiwa hampendi ndugu anayemwona, na mafundisho hayo, ambayo asili yake ni waraka wa kwanza wa Yohana, hayana kasoro. Ila yakipokewa pasipo tafakuri huweza kumgeuza jirani kuwa ngazi ya kukwelea mbinguni, na maskini akawa chombo cha ibada ya mwenye nacho. Naona Injili yenyewe yaikataa tafsiri hiyo, kwani katika mlango wa 25 wa Mathayo wale waliowalisha wenye njaa na kuwazuru wafungwa, waambiwapo kwamba waliyemtendea ni Mfalme, wanastaajabu. Wangalijua tangu awali, ni nani angetuhakikishia kwamba hisani yao haikuchanganyika na biashara?

Kisangani, ambayo zamani iliitwa Stanleyville, inao ushahidi wa jambo hili. Daktari Paul Carlson, Mmarekani wa misheni ya Kiprotestanti, alipoona waasi waliojiita Simba wanaikaribia hospitali yake ya Wasolo mwaka 1964, aliwavusha mkewe na watoto mto Ubangi, kisha akarejea hospitalini, kwa kuwa wagonjwa wake hawakuwa na mto wa kuvuka. Akakamatwa, akatuhumiwa ujasusi, akaletwa Stanleyville. Na tarehe 24 Novemba, siku askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka kuwaokoa mateka, akapigwa risasi akijaribu kuukwea ukuta, mmisionari mwenzake akiwa ameshauvuka. Waandishi wengi wamemsifu kwa kifo chake. Kwa rai yangu uzito wa habari umo katika kule kurejea Wasolo, ambako hapakuwa na fahari yoyote ya shahidi, bali vidonda vya kufungwa na homa za kutuliza.

Lakini insafu yatudai zaidi. Carlson alichorwa katika jalada la gazeti la Time, na dunia ikamlilia, hali Wakongo kwa maelfu waliouawa mjini na viungani mwake katika miezi hiyo hiyo, kwanza kwa mikono ya waasi na baadaye katika visasi vilivyofuata, aghalabu hawakuandikwa hata majina. Daktari hana lawama katika hilo. Lawama ni yetu tuliosoma, tuliomhesabu kuwa jirani yule tu aliyefanana na wasomaji wa gazeti.

Upofu huo haukuisha na mwaka 1964. Tangu 2023 ugomvi wa ardhi baina ya makabila ya Wambole na Walengola, uliozuka ng'ambo ya mto Kongo, Lubunga na pande za Ubundu, umewamwaga maelfu ya watu ndani ya Kisangani, na waliochomeana nyumba wamo waliobatizwa katika imani moja. Kuwahubiria hawa upendo wa Mungu ni kazi nyepesi, maana hakuna anayeupinga. Iwapo, hata hivyo, mama wa Kimbole auzaye pondu sokoni ampimia mjane wa Kilengola kwa kipimo kile kile ampimiacho dada yake, pasipo kulitaja jina la Mungu hata mara moja, basi katekista apitaye hapo, aliye tayari kumweleza kwamba amemkopesha Bwana na atalipwa, afadhali amwache mama auze.