Uhamisho wa Chaji: Nuru Isiyofika Ndabibi

Uwanda wa Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa giza nyota huonekana tele, lakini ipo nuru ya angani isiyofika hapo: eksirei zinazozaliwa upepo wa Jua unapokutana na nyotamkia. Hewa huzimeza zote.

Upepo huo ni mkondo wa chembe zenye chaji, zendazo takriban kilomita 400 kwa sekunde. Zimo ayoni, yaani atomu zilizopoteza elektroni. Atomu ya oksijeni ina elektroni 8. Baadhi ya zilizomo katika upepo huo zimebakiwa na 1 tu. Ayoni kama hiyo ikipita karibu na molekuli ya maji iliyofuka kutoka kwenye nyotamkia, huinyang’anya elektroni. Elektroni hiyo hutua katika kiwango cha juu cha nishati, kisha hushuka, na nishati inayozidi hutoka kama nuru.

Tukio hili liitweje? “Ubadilishanaji wa chaji” linavutia, ila linapotosha. Mkulima wa Ndabibi akimpa mvuvi mahindi, naye akapewa samaki, hapo wamebadilishana. Ayoni huchukua, hairudishi kitu. “Uhamisho wa chaji” ndio unaofaa.

Mwaka 1996 satelaiti ya Ujerumani, ROSAT, ilinasa eksirei kutoka kwa nyotamkia Hyakutake. Wanasayansi walishangaa: eksirei walizizoea kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, si kwenye donge la barafu na vumbi. Mwaka uliofuata Thomas Cravens, wa Chuo Kikuu cha Kansas, akaeleza kuwa chanzo ni uhamisho wa chaji.

Kenya ina nafasi yake katika historia ya eksirei za angani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza eksirei hizo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Vipokezi vyake vilipima nishati za juu kuliko eksirei za nyotamkia, hivyo hazikuwa windo lake.

Kwa mwalimu wa fizikia, “utoaji nuru kwa uhamisho wa chaji” unatosha, mradi awaambie wanafunzi kwamba kinachohama ni elektroni, na kinachotoa nuru ni kushuka kwake.