Kisu Kilichopanda Mto Lualaba

Idi ya Mfunguo Tatu inakaribia. Miaka hii inaangukia mwanzo wa kiangazi, asubuhi za Kolwezi zikiwa na baridi na vumbi la barabara za migodi likianza kutimka. Wenye uwezo wanaulizia bei ya mbuzi. Wapo wanaowatazama na kusema kwamba kuchinja huku ni mambo ya wageni waliofuata biashara, hayana mizizi Lualaba. Maneno hayo si kweli, na yameachwa bila kusahihishwa kwa muda mrefu mno.

Kisu cha Waislamu kilifika katika jimbo hili kabla ya Kolwezi yenyewe kuwapo. Mji wetu ulianzishwa na kampuni ya Union Minière mwaka 1937. Lakini Bunkeya, makao ya Msiri, ambayo leo yamo katika eneo la Lubudi, ilipokea misafara ya pwani katika karne ya 19. Msiri mwenyewe, Mnyamwezi aliyekuja kutafuta shaba na pembe za ndovu akaishia kuwa mfalme, hakuwa Mwislamu. Alipopigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, wengi wa wapagazi katika msafara wa Kapteni Stairs, uliokuja kuitwaa nchi yake, walikuwa watu wa Zanzibar na mrima.

Katika misafara ile mwungwana, yaani Mwislamu wa pwani, alijulikana kwa mambo machache: kanzu, tohara, na nyama. Mzungu akimpiga mnyama risasi porini, Waislamu walikimbia na kisu wamuwahi kabla roho haijatoka. Wakichelewa, nyama ilikuwa kibudu, na mwenye imani aliiacha hata akilala na njaa. Mpagazi wa bara aliyetaka kula sahani moja na wenzake alijifunza haraka kwamba mnyama lazima achinjwe na Mwislamu. Nathubutu kusema kwamba wengi waliingia dini kwa kupitia jikoni kabla ya kuijua swala.

Sheria yenyewe haina maneno mengi. Kisu kiwe kikali, na mnyama asikione kikinolewa. Alazwe kwa ubavu wa kushoto, aelekezwe kibla, litajwe jina la Mwenyezi Mungu, kisha koromeo, umio na mishipa ya damu vikatwe kwa haraka bila kusitasita. Kwa Kolwezi kibla kiko kaskazini kikielemea mashariki, na Waswahili wa zamani waliiita hata kaskazini yenyewe kibla. Sadaka ya Idi ina masharti yake zaidi. Huchinjwa baada ya swala ya Idi, tarehe 10, hadi jua la tarehe 13 linapozama. Mbuzi mmoja humtosha mtu na nyumba yake, ng'ombe hushirikiwa na watu saba. Kwa Washafii, nao ndio wengi pwani na katika jimbo la Maniema, mbuzi awe ametimiza miaka miwili, na kipofu, kilema au mgonjwa hafai. Yote hayo ni kumbukumbu ya Nabii Ibrahimu, ambaye mkono wake ulizuiwa na mwanawe akakombolewa kwa kondoo.

Ugomvi mkubwa juu ya kisu hiki ulitokea Buganda, na una haki ya kusimuliwa hapa, kwa sababu njia iliyompelekea Kabaka, mfalme wa huko, Uislamu na njia iliyoufikisha Kasongo ya Maniema zilipitia mji mmoja, Tabora. Mwanahistoria A. B. K. Kasozi, aliyeandika juu ya kuenea kwa Uislamu Uganda, ameupa uzito unaostahili. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna. Alipoona watu wakiuawa kwa amri ya mfalme, alisimama mbele yake akamwambia kwamba wale ni viumbe wa Mungu. Mtoto wa Suna, Mutesa, alikwenda mbali zaidi: tangu 1867 alifunga Ramadhani kwa miaka kumi hivi, akajenga msikiti, akawahimiza raia wake wasali. Jambo moja tu lilimshinda. Mila ya Baganda ilikataza damu ya Kabaka kumwagika, kwa hiyo hakutahiriwa.

Wakaja Waislamu kutoka upande wa Misri, wakaangalia, wakatikisa vichwa. Msikiti haukuelekea kibla. Asiyetahiriwa hawezi kuwaswalisha watu. Na nyama ya ikulu, iliyochinjwa na wasio Waislamu, haikuwa halali. Vijana wa ikulu waliyashika maneno hayo. Walikataa kusali nyuma ya Mutesa, kisha wakakataa nyama yake. Kukataa nyama ya Kabaka ilikuwa sawa na kumkataa Kabaka mwenyewe mbele ya watu. Kati ya 1875 na 1876 vijana wapatao 70 walichomwa moto Namugongo, miaka kumi hivi kabla ya mashahidi Wakristo wa 1886 kufa mahali hapo hapo. Umati hukusanyika Namugongo kila tarehe 3 Juni kuwakumbuka Wakristo hao. Wanaowakumbuka waliokufa kwa ajili ya nyama ni wachache, na hilo linaniuma.

Oktoba 1876 msafiri Mzungu Stanley, aliyekuwa mgeni wa Mutesa mwaka uliotangulia, alikutana na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, huku kwetu Kongo, Maniema, karibu na mto Lualaba. Hapa lazima tuseme kweli yote. Mikono iliyochinja mbuzi kwa bismillahi ndiyo iliyofunga watu minyororo, na tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe, watu wa misafara waliwapiga risasi mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake. Mmisionari Livingstone alishuhudia. Mwislamu wa Kongo hana haja ya kuificha habari hiyo, maana wajukuu wa waliotekwa ndio walioishika dini hii na kuifanya yao.

Majeshi ya Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, yaliteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893. Wabelgiji waliwaita Waislamu wa Maniema "walioarabishwa", kana kwamba si wenyeji, na mkataba wa 1906 na Vatikani ukawapa wamisionari Wakatoliki ardhi na shule. Union Minière nayo ilitafuta vibarua mbali, Maniema ikiwamo, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Kambini nyama ilikuja kama posho. Nani aliichinja? Mwislamu aliyeipokea alikuwa na swali ambalo hakuna karani aliyeliandika. Jumuiya ya Waislamu, COMICO, ilipata kutambuliwa mwaka 1972. Vikafuata vita vya Kolwezi vya 1978, biashara ya kobalti, na jimbo jipya la Lualaba mwaka 2015.

Tuna vitabu vya shaba ya Kolwezi, na hesabu za tani zake zimehifadhiwa. Wachinjaji wa kambi zake hawana hata ukurasa mmoja. COMICO ya Lualaba ingeweza kuanza kazi hiyo kwa daftari na kalamu tu. Na wewe msomaji, kama una babu aliyetoka Kasongo kuja kufanya kazi katika mgodi wa Musonoi, kaa naye Idi hii baada ya bukari na nyama, umuulize nani alikuwa akichinja kambini, na uandike jina atakalolitaja.