Kubashiri Mkono wa Mpasuaji

Mpasuaji hodari hujulikana kwa mkono wake. Chumba hodari cha upasuaji hujulikana kwa muuguzi atoaye chombo kabla hakijaombwa. Muuguzi huyo si mtabiri. Ameona mengi, na aliyoyaona yamemfunza yajayo. Historia ya akili bandia katika upasuaji ni historia ya jitihada ya kuipa kompyuta macho ya muuguzi huyo.

Habari yaanzia kwenye mfuko wa nyongo. Mwaka 1882, mjini Berlin, Carl Langenbuch aliutoa mfuko huo kwa mara ya kwanza kwa kulipasua tumbo. Ilipita miaka zaidi ya 100 kabla Erich Mühe, Mjerumani mwenzake, hajautoa kwa kupitisha vyombo katika matundu madogo, mwaka 1985. Mwaka 1987 Philippe Mouret alifanya vivyo hivyo mjini Lyon, Ufaransa, na muda si muda kamera ikawa ndiyo jicho la wapasuaji.

Faida ilikuwa kubwa: jeraha dogo, maumivu machache, na mgonjwa kurejea kwake upesi. Lakini mrija wa mfuko wa nyongo hukaribiana na mrija mkuu utokao katika ini. Ukikatwa huu kwa kudhaniwa ule, mgonjwa aweza kuteseka maisha yake yote. Kwa hiyo mwaka 1995 Steven Strasberg na wenzake wa Marekani walihimiza kwamba kisikatwe kitu mpaka ionekane waziwazi kuwa ni viwili tu, mrija na mshipa, viingiavyo katika mfuko.

Kamera ilizaa na jambo jingine: kila upasuaji uliweza kuhifadhiwa. Mjini Strasbourg wataalamu walikusanya filamu 80 za kuutoa mfuko huo, kazi ya wapasuaji 13, wakaigawa kazi hiyo katika hatua 7. Kwa filamu hizo kompyuta ilijifunza kuitambua hatua iliyopo, na habari zake zikatangazwa mwaka 2016. Mwaka 2020 wataalamu wa Dresden walikwenda mbele zaidi: waliifunza kukisia chombo kitakachohitajiwa dakika chache zijazo, na kuonyesha pia kiasi cha shaka yake.

Shaka hiyo ndiyo sehemu bora ya elimu yake. Mashine hujua yaliyozoeleka, bali wagonjwa huangamia kwa yasiyozoeleka: damu ichuruzikayo ghafula, au mrija uliopita pasipo desturi. Tena iliyofunzwa katika hospitali ya mji mmoja imeona mazoea ya mji mmoja tu. Wahenga walisema, kutangulia si kufika. Mashine na itangulie: iandae chombo, imkumbushe mpasuaji, imwarifu mtoa usingizi kwamba kazi yakaribia mwisho. Lakini neno la kukata au kutokata ni la yule atakayesimama mbele ya jamaa za mgonjwa na kujibu.